Maswali ya Wasomaji: Kukata Bampa la Plastiki na Kulirudishia Rangi

Barua nyingi za mwezi huu zinazungumzia bampa. Kuna waliorudi kutoka Suswa na Magadi na plastiki iliyochanika, na kuna waliopakiwa rangi mwaka huu na tayari inabanduka. Kabla ya majibu, jambo moja linalowahusu wote: usiulize kwanza utumie kifaa gani. Geuza bampa, ufute matope ya upande wa ndani, utafute herufi zilizochongwa kiwandani kati ya alama mbili za mshale, kwa mfano >PP+EPDM-T20<. PP ni polipropilini. EPDM ni raba iliyochanganywa humo ili bampa lipinde badala ya kuvunjika. T20 ni unga wa talka, asilimia 20. Kwenye Toyota unaweza kukuta TSOP, nayo ni ya ukoo huohuo wa PP. Grili na urembo mwingine mara nyingi ni ABS, plastiki ya tabia tofauti kabisa.

Herufi zikiwa zimefutika, kwangua kipande chembamba kutoka mahali pasipoonekana ukichome kwa kiberiti, ukiwa nje. PP huyeyuka ikidondoka na kunuka kama mshumaa uliozimwa. ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi. Lile jaribio la kutupa kipande majini lisikudanganye. PP tupu huelea, lakini yenye talka asilimia 20 ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo huzama, na mwenye kujaribu huondoka akidhani si PP.

*

Nina Prado J150 ninayopeleka Suswa karibu kila mwezi. Nikipanda vizingiti vya mawe, pembe za chini za bampa la mbele hugonga kabla tairi halijagusa jiwe. Fundi mmoja ameniambia atazikata kwa grenda kwa dakika 20, bila kufungua bampa. Nimkubalie? (Msomaji, Ongata Rongai)

Usimkubalie. Grenda ya diski ya inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na PP huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Diski haiikati plastiki hiyo, inaiyeyusha, na iliyoyeyuka hujishikiza tena nyuma ya diski kama ugali kwenye mwiko. Utabaki na ukingo wenye mabonge na mstari uliokwenda popote mkono ulipotetemeka. Halafu fikiria vilivyo nyuma ya pembe hizo: nyaya za taa za ukungu, honi, tangi la maji ya kuoshea kioo, na kwenye baadhi ya Prado, mipira ya maji ya kuoshea taa kubwa. Ukisogea katikati kuna kondensa, kile kipoza gesi cha AC. Diski ikizama sentimita mbili zaidi, zile dakika 20 zitakuwa wiki nzima ya kutafuta nyaya na kujaza gesi.

Anza kwa kupima, bampa likiwa bado garini, gari likiwa mahali tambarare na matairi yana upepo wa kawaida. Chomeka ncha ya ubao ulionyooka chini ya tairi la mbele, inua ncha ya pili mpaka iguse bampa, kisha laza simu juu ya ubao. Programu ya pima maji itakusomea mwinamo, yaani mteremko ambao gari linaweza kuukabili kabla bampa halijagonga. Mfano wa hesabu: kwa tairi la 265/65R17, ukingo ulio sentimita 85 mbele ya katikati ya ekseli na sentimita 33 kutoka ardhini hutoa nyuzi 23 hivi. Ukiuinua ukingo huohuo hadi sentimita 42, unapata karibu 29. Kwa hiyo sentimita tisa za plastiki ni nyuzi sita, na kwenye jiwe nyuzi sita ni nyingi.

Sasa lala chini uangalie ni nini kitakachogonga baada ya plastiki kuondoka. Huenda ni ncha ya chesisi, ndoano ya kuvutia gari au bamba la chuma la kukinga injini. Mstari wa kitu hicho ndio mwisho wa kukata kwenye eneo lake. Ukikata juu yake umepunguza sura ya gari bila kuongeza mwinamo wowote. Ndiyo sababu kwa kawaida inatosha kukata pembe mbili zilizo mbele ya matairi, kuanzia ukingo wa fenda kuelekea taa za ukungu, na kuliacha tumbo la bampa lilivyo.

Kufungua: toa waya hasi wa betri kwa spana ya 10 na usubiri dakika chache, kwa kuwa utachomoa plagi za nyaya, na kwenye magari mengi sensa za mbele za erbegi ziko karibu na hapo. Kisha klipu za juu chini ya boneti, skrubu za ndani ya fenda pande zote mbili, bolti za chini, na mwisho vuta ncha za kando moja baada ya nyingine hadi zitoke kwenye reli zake. Piga picha ya kila plagi kabla ya kuichomoa. Nunua klipu 10 za akiba mapema, Kirinyaga Road zimejaa. Zilizokaa juani miaka mingi huvunjika mkononi hata ukizibembeleza.

Laza bampa juu ya godoro kuukuu au magunia, uso juu. Bandika tepu ya karatasi eneo lote la kukatwa na uchore mstari juu ya tepu. Chora upande mmoja kwanza, utoe kiolezo cha kadibodi, kisha ukigeuze kwa upande wa pili. Vipimo vyako vianzie kwenye tundu la taa au ukingo wa grili, kamwe si kutoka ardhini. Gari lenye springi zilizochoka husimama upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, na ukipima kutoka ardhini utaihamishia plastiki kasoro ya springi.

Kila kona ya ndani ya mstari iwe ya mviringo. Toboa hapo tundu la milimita 10 kabla ya kukata, na msumeno uishie kwenye tundu. Kona kali ndipo ufa unapoanzia, na bampa lililokatwa kwa kona ya mraba hupasuka kwa mtikisiko wa barabara tu, bila kugongwa.

Kifaa cha kukatia ni jigsoo, ule msumeno mdogo wa umeme, kwenye mwendo wa chini, na wembe wa kukatia mbao wenye meno kama 10 kwa inchi. Bandika tepu pia chini ya sahani ya jigsoo isikwaruze rangi unayotaka kuiacha. Acha milimita tatu hadi tano nje ya mstari. Ukiona plastiki inaanza kujikunja kama uzi laini badala ya kutoka kama unga mnene, punguza mwendo, maana imeanza kuyeyuka. Pasipo umeme, msumeno wa mkono wa kukatia chuma unafaa ukipata wembe wa meno 18 kwa inchi. Ule wa 24 hujaa upesi. Sehemu zilizonyooka unaweza kuzimaliza kwa kisu cha wembe mpya: pitisha mara sita au nane kwenye mstari uleule, kisha pinda. Unene ni kama milimita tatu tu.

Milimita zilizobaki ziondoe kwa tupa mpaka kwenye mstari. Simamisha wembe wima ukwangue mikwaruzo ya tupa, kisha msasa wa 120, 180 na 320, huu wa mwisho kwa maji. PP ikisuguliwa ikiwa kavu huota manyoya. Usibishane nayo kwa msasa zaidi, pitisha mashine ya hewa ya moto haraka, sekunde moja tu, yatajikunja na kuisha. Laza pia ncha ya ukingo kidogo kwa nje na ndani, milimita moja inatosha, kwa sababu rangi haikai juu ya ncha kali. Usipotaka kupaka rangi, valisha ukingo raba ya umbo la U yenye chuma ndani, ile ya milango, na ufungue sehemu yake ya chini iwe njia ya maji.

Kuna jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa tayari wanakimbia kwenye Mombasa Road. Bampa la kiwandani lina mkunjo wa ndani kwenye ukingo wa chini, na mkunjo huo ndio unaolifanya liwe gumu. Ukishaukata, pembe huanza kupigapiga gari likifika kasi ya kilomita 80. Funga kibano cha alumini cha umbo la L kutoka kwenye chesisi au kwenye plastiki ya ndani ya fenda, kwa bolti za M6 na washa pana. Tundu la upande wa bampa liwe refu, milimita 7 kwa 12, si la duara, kwa sababu plastiki hurefuka na kufupika: bampa la mita 1.8 linaweza kubadilika milimita tano hivi kati ya alfajiri ya Julai hapa Nairobi na mchana wa Magadi. Likibanwa sawasawa kila upande litajipinda, na rangi itapasuka palepale penye bolti.

Usiguse plastiki zinazoelekeza upepo kwenye rejeta. Kwenye foleni ya Waiyaki Way feni hufanya kazi yote, kwa hiyo hutaona tofauti. Mlima wa Mai Mahiu gari likiwa limebeba ndipo utakapoijua. Plastiki ya ndani ya fenda nayo ikate ifuate mstari mpya na uifunge tena, la sivyo matope yote ya udongo mweusi yataishia kwenye nyaya za taa. Namba pleti ya mbele ibaki mahali inaposomeka, na kampuni yako ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa.

*

Nyuma ya plastiki nimekuta chuma kipana kilichofungwa kwenye chesisi, na mbele yake povu jeupe. Fundi anasema vyote vinaweza kupunguzwa ili taa za ziada zikae vizuri. (Msomaji, Kitengela)

Hapana. Plastiki ni sura tu. Chuma hicho pamoja na povu ndivyo vinavyopokea nguvu ya kugongwa, na erbegi zimepangwa kwa kutegemea jinsi vinavyobonyea. Taa zitafutiwe mahali pengine.

*

Bampa langu jeupe lilipakwa rangi Februari baada ya kukatwa. Kufikia Juni rangi ilikuwa ikitoka vipande vipande, na pale palipooshwa kwa maji ya presha imetoka kama karatasi. Fundi ananiambia ni jua. Tena weupe wake haufanani na wa fenda. (Msomaji, Kasarani)

Jua halibandui rangi kwa miezi minne. Umeeleza kwamba inatoka kama karatasi. Sasa tazama upande wa chini wa kipande kilichotoka. Ukiona praima, yaani rangi ya msingi, imeshikamana na rangi na plastiki imebaki tupu, nyeusi, inayong'aa, basi rangi haikushika tangu siku ya kwanza. PP hukataa gundi na rangi kwa maumbile yake, ndiyo maana hata supaglu hubanduka juu yake. Inahitaji praima ya plastiki, kimiminika chepesi kisicho na rangi au chenye rangi ya fedha kidogo, kinachotangulia praima ya kawaida. Mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani kazi ikiisha.

Mkosaji wa pili ni mafuta. Bampa jipya la dukani hutoka na nta ya kuliachanisha na kalibu ya kiwandani. La zamani lina silikoni ya kung'arishia matairi, ambayo wasafishaji magari hupaka kila plastiki nyeusi wanayoiona. Mtu akianza kwa msasa kabla ya kuosha, anaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Baadaye rangi ikipulizwa, inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, kila kimoja na kitovu chake.

Kwa sasa, toa yote. Kilichokwisha kuachana na plastiki kitoe kwa wembe uliolazwa na maji ya presha. Kilichoshika kisugue kwa msasa wa 180 kisha 320. Usitumie dawa ya kutolea rangi, petroli wala kuloweka kwa thina. Raba iliyomo ndani ya PP hunywa viyeyushi hivyo na kuvimba, kisha huvitoa polepole chini ya rangi mpya. Ukifanya hivyo utakuwa unapanda mbegu ya barua nyingine kama hii.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuupindua. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili, kwa brashi, ndani na nje. Suuza na utazame maji: yakitandaa kama kitambaa kilicholowa na kukaa hivyo nusu dakika, uso ni safi. Yakijikusanya kuwa matone kama kwenye jani la mgomba, bado kuna nta, rudia. Likikauka pangusa kwa dawa ya kuondoa grisi ya wapaka rangi ukiwa na vitambaa viwili, kimoja kibichi cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka yenyewe. Hapo ndipo msasa unaingia, 400 kwa maji, na kwenye mikunjo tumia sifongo ya kusugulia ya kijivu. Pangusa tena kwa dawa. Tangu hapo usiguse kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja linatosha kuharibu.

Praima ya plastiki ipulizwe safu moja au mbili nyepesi mno, kiasi cha kulowesha tu. Ingoje dakika 10, au muda ulioandikwa kwenye kopo, na upake praima ya pili kabla muda wa mwisho wa kopo haujapita. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa mbili, mara nyingi inabidi kuipaka upya. Praima inayofuata iwe ya kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, na iongezwe kilainishi kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa kuwa rangi ngumu ya mlango itapasuka kwenye bampa linalopinda. Ikikauka, msasa wa 600 kwa maji, na 800 kama rangi ni ya metaliki.

Kwa bampa zima la mbele, andaa nusu lita ya rangi iliyokwisha kuchanganywa na thina na kiasi kama hicho cha klia, ile safu ya juu isiyo na rangi. Rangi safu mbili au tatu, dakika 10 kati yake, bunduki umbali wa sentimita 15 hadi 20, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Klia safu mbili. Anayetumia makopo ya spre ya mililita 400 anunue mawili ya praima, matatu ya rangi, mawili ya klia, na achague klia yenye hadina ndani. Ile ya kawaida hulainika petroli ikidondoka.

Juni na Julai Nairobi asubuhi hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na hapo klia haikauki vizuri. Puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, kivulini, bampa likiwa limepata joto la chumba. Mvua ikiwa inakaribia ahirisha: unyevu ukitua juu ya rangi mbichi huigeuza kama maziwa. Klia yenye hadina ina kemikali ziitwazo isosianati zinazoumiza mapafu kabisa, na wengine hupata pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote hapo. Inayostahili ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Usipokuwa nayo, mpelekee kazi mwenye chumba cha kupulizia.

Kuhusu weupe: kama gari lako ni Toyota, soma kibao cha gari ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mstari wa C/TR. Ukiona 040, ni nyeupe ya kawaida. Ukiona 070, ni nyeupe ya lulu ya hatua tatu, yaani nyeupe ya chini, safu ya lulu inayopitisha mwanga, kisha klia. Idadi ya safu za lulu hubadilisha rangi, kwa hiyo fundi makini hupuliza kadi tatu za majaribio, moja ya safu mbili, ya pili tatu, ya tatu nne, na kuzisimamisha dhidi ya fenda nje juani. Aliyekupakia 040 juu ya gari la 070 atakupa weupe wa chaki, na hakuna kung'arisha kutakakoondoa.

Kabla ya kulipa, omba rangi ipimwe mahali pasipoonekana, kwa mfano kwenye mkunjo wa ndani, baada ya rangi kukaa siku saba. Chora msalaba kwa wembe, bandika tepu imara, ikandamize kwa ukucha, uivute kwa ghafla. Tepu ikitoka safi, lipa.

*

Jimny yangu ya 2019 ina bampa jeusi lisilo na rangi, na limekuwa la kijivu kama jivu la jikoni. Nimejaribu rangi ya viatu, na kijana wa kuosha gari hulipangusa kwa dizeli. Linang'aa siku mbili. Sasa nimeambiwa nilichome kwa hewa ya moto. (Msomaji, Ruaka)

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hatua chache tu kusini mwa Ikweta. Miale ya jua hapa ni mikali mwaka mzima, hata siku ya baridi. Inakula uso wa plastiki na kuacha unga mwembamba na nyufa ndogo zisizoonekana. Kijivu unachokiona ni mwanga unaotawanyika juu ya uso huo mbovu, weusi wenyewe bado uko chini. Dizeli na rangi ya viatu hujaza nyufa hizo tu. Mvua ikinyesha vinakwenda, na dizeli njiani inavuta vumbi na kulainisha raba za karibu. Mwambie kijana aache, hasa kama unafikiria kupaka rangi siku za mbele.

Hewa ya moto hufanya kazi, na ndiyo inayowadanganya watu. Inayeyusha uso kidogo, nyufa zinafunga, weusi unarudi mbele ya macho yako. Lakini plastiki iliyokwisha kuliwa na jua haikuongezewa kinga yoyote, kwa hiyo miezi michache baadaye kijivu kinarudi, na kila ukirudia, chembechembe za uso wa bampa zinalala zaidi. Ukisimama mahali pamoja sekunde mbili zaidi, unapata doa linalong'aa lisiloondoka.

Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni dawa ya kudumu ya plastiki nyeusi, zile zinazokauka na kushika. Osha kwa sabuni na brashi ngumu mpaka povu litoke jeupe, mara tatu au nne baada ya dizeli hiyo yote, pangusa kwa spiriti, paka kwa sifongo eneo la kiganja kwa kiganja, ufute ziada kabla haijashika. Ikae bila maji saa 24. Hii inafaa kama bampa ni zima.

Ya pili ni kupaka rangi ngumu ya chembechembe, kama ile ya ndani ya pikapu, ambayo kwa bampa lililokwisha kukwaruzwa na kukatwa ni bora kuliko klia yoyote. U-POL Raptor, kwa mfano, huja kwenye chupa yenye mililita 750, nawe unaongeza hadina 250, sehemu tatu kwa moja. Chupa hiyo moja inatosha bampa la Jimny na nyongeza. Maandalizi ni yaleyale ya jibu lililotangulia, pamoja na praima ya plastiki. Ugumu wake hauondoi haja ya kushika, na nayo ina isosianati. Bunduki ikiwa mbali na presha ikiwa juu, chembe huwa ndogo. Ukikaribia na kupunguza presha huwa kubwa. Jaribu kwenye kadibodi kwanza. Usipake juu ya sensa, taa wala vitundu vya klipu.

Kumbuka pia kwamba chembechembe za kiwandani zikisuguliwa kwa msasa hazirudi. Anayekusugulia bampa la chembechembe ili "alisafishe" amekuamulia kwamba ni lazima lipakwe.

*

Forester yangu imepasuka bampa kwenye kona, ufa wa sentimita 14. Fundi aliushona kwa waya, akaujaza fila ya bodi na kupaka rangi. Ufa umerudi palepale. (Msomaji, Embakasi)

Kushona si kosa. Kosa ni fila. Fila ya bodi imetengenezwa kwa bati lisilopinda, nayo ikikaa juu ya PP hubanduka kama chokaa kwenye ukuta mbichi. Toa yote. Tafuta mwisho halisi wa ufa kwa kupinda bampa kidogo, kwa kawaida unaenda milimita kadhaa mbele ya unapouona, na utoboe hapo tundu la milimita tatu kuusimamisha.

Upande wa ndani chomeka pini za chuma zenye umbo la wimbi kwa ile mashine inayozipasha moto, pini moja kila sentimita mbili, zikikatiza ufa kwa mshazari. Zizame nusu ya unene, usisukume mpaka zitokeze mbele. Kisha, kati ya pini na pini, chonga mfereji wa umbo la V juu ya ufa, kina cha nusu ya unene, na uujaze kwa fimbo ya PP iliyoyeyushwa pamoja na kingo zake. Fimbo ya ABS haitashika, na hapo ndipo herufi za nyuma zinapokulipa. Usipopata fimbo, kata vipande vyembamba kutoka kwenye bampa bovu lenye herufi zilezile. Gereji yoyote ya Industrial Area ina rundo lake. Likipoa, geuza, fanya V upande wa mbele pia, jaza, sugua kwa 120 na 180, kisha tumia pati ya plastiki inayopinda kwa mabonde madogo tu, juu ya praima ya plastiki.

Kona hiyo ikiwa imepoteza umbo, ipashe kwanza kwa hewa ya moto upande wa ndani, ukisogeza mkono bila kutulia, hadi iwe ya moto kiasi cha kutoweza kuigusa lakini bila kung'aa. Isukume kwa ubao, na uishikilie ikipozwa kwa kitambaa cha maji baridi. Fanya hivyo kabla ya kuchomeka pini. Ukinyoosha baadaye, pini zitakuwa zinavuta upande wa umbo lililopinda, na ufa utafunguka kwenye tuta la kwanza la Outer Ring Road.